Kwa nini mchezo wa simu hukataa sasisho? Saini, leseni na maduka ya kidijitali

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mchezo wa simu humfikia mchezaji kwa mojawapo ya njia mbili. Huweza kupakuliwa kutoka duka la kidijitali kwa bando la mwenye simu, au kuhamishwa kutoka simu ya rafiki kwa Bluetooth au kwa programu kama Xender, pasipo kutumia hata megabaiti moja. Njia ya pili ina mvuto wake katika tarafa za milimani kama Mahango, ambako nguvu ya mawimbi ya simu hutegemea upande wa mlima aliosimama mtu. Ina mvuto vilevile huko Bwera, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako simu hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupata mwenyewe wa kudumu.

Kwa macho, mchezo wa dukani na ule wa kuhamishwa hautofautiani: jina ni lile lile, picha ni ile ile, mpira unachezwa vile vile. Tofauti huweza kujitokeza siku mtengenezaji anapotoa toleo jipya. Simu moja hulipokea toleo hilo kimyakimya usiku. Nyingine hulikataa, na kwenye kioo hutokea ujumbe mfupi kwamba programu haikusakinishwa. Wengi hudhani kwamba duka limewagundua na kuwaadhibu. Sivyo. Aliyekataa ni simu yenyewe, na sababu yake ni jambo ambalo mchezaji hawezi kuliona.

Saini isiyoonekana

Kila mchezo wa simu za Android husafiri ndani ya faili inayoitwa APK. Kabla faili hiyo haijatoka, hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri. Saini hii hailingani na ile ya kalamu, ambayo hubaki ile ile kwenye kila karatasi. Ni matokeo ya hesabu inayofanywa juu ya yaliyomo ndani ya faili pamoja na ufunguo wenyewe. Herufi moja ikibadilishwa ndani ya mchezo, hesabu haitoki sawa tena.

Simu inaposakinisha mchezo kwa mara ya kwanza, haimhoji aliyesaini ni nani. Huhifadhi tu cheti chake. Sasisho likifika baadaye, simu hutaka mambo mawili. Kwanza, je, limetiwa saini kwa ufunguo ule ule? Pili, je, namba yake ya toleo haiko nyuma ya ile iliyomo tayari? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, mlango hufungwa.

Kutokana na utaratibu huo, nakala zinazozunguka mitaani si za aina moja. Mchezo uliohamishwa kutoka simu hadi simu bila kuguswa bado una saini ya mtengenezaji, nao huweza kupokea sasisho kama ule wa dukani. Lakini mchezo uliofunguliwa na mtu mwingine ili kuongeza sarafu zisizokwisha au kuondoa matangazo, saini yake ya asili imevunjika. Ili simu ikubali kuupokea, aliyeuchezea hana budi kuutia saini yake mwenyewe. Tangu hapo mchezo huo umebadili mwenyewe. Sasisho la mtengenezaji wa asili haliwezi kuingia juu yake, na tiba iliyopo ni kuuondoa mchezo wote na kuanza upya. Maendeleo yote ya mchezaji yaliyohifadhiwa ndani ya simu tu, hatua kwa hatua, hupotea pamoja nao.

Hasara ya alama za mchezo ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba yule mtu asiyejulikana ndiye sasa mwenye haki ya kutuma sasisho linalokubalika na simu hiyo. Na simu inayobeba mchezo ndiyo hiyo hiyo inayobeba laini ya MTN MoMo au Airtel Money. Programu iliyochezewa, ikiomba ruhusa ya kusoma jumbe fupi na ikapewa na mtoto asiyejali, huzisoma pia jumbe za pesa.

Safari ya toleo jipya

Kwa upande wa duka, sasisho huanza na mtengenezaji kuipakia kazi yake kwenye ukurasa wa usimamizi wa Google Play. Mifumo ya duka huikagua, kisha mtengenezaji huchagua ni sehemu gani ya wachezaji itakayoanza kuipata. Wengi huanza na asilimia ndogo. Kasoro ikionekana, usambazaji husimamishwa, na waliobaki hawapati madhara. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hakuna kurudi nyuma: aliyekwisha kupokea toleo bovu hawezi kurudishiwa la zamani na duka, kwa kuwa simu hukataa namba iliyoshuka. Mtengenezaji hulazimika kuchukua kazi yake ya zamani, kuipa namba kubwa zaidi, na kuituma kana kwamba ni mpya.

Apple hufuata njia kali zaidi. Katika App Store, iliyofunguliwa Julai 2008, kila sasisho hupitiwa na wakaguzi wa kampuni kabla ya kutolewa, na faili iliyonunuliwa hufungwa kwa kinga iitwayo FairPlay, inayoiambatanisha na akaunti ya mnunuzi. Ndiyo maana biashara ya kuhamisha michezo kwa Bluetooth haikushamiri kati ya wenye iPhone.

Agosti 2021 Google Play ilibadilisha jambo lililogusa sana desturi ya kupeana michezo. Tangu mwezi huo, kila mchezo mpya sharti upakiwe kama fungu kubwa lenye sehemu zote, kisha duka lenyewe hukata vipande vinavyoifaa simu husika: picha za kioo chake, lugha yake, aina ya kichakataji chake. Faida kwa mwenye bando dogo ni dhahiri, maana hapakui asichokihitaji. Lakini mchezo uliomo kwenye simu yake sasa si faili moja kamili. Akimpa rafiki kipande cha msingi peke yake, rafiki hupata mchezo usiofunguka, au unaofunguka na kuzima papo hapo. Hata akipewa vipande vyote, vinaweza kuwa vimekatwa kwa kipimo cha simu nyingine. Hakuna aliyekusudia kuwazuia vijana wa milimani, ila matokeo yake yanafanana na kizuizi.

Mabadiliko hayo yalikuja na jingine lisilosemwa sana. Kwa utaratibu wa mafungu, ufunguo wa saini hutunzwa na Google. Mtengenezaji hubaki na ufunguo wa kupakia tu. Zamani, aliyepoteza ufunguo wake kwa kompyuta iliyoibwa au iliyokufa alikuwa amepoteza uwezo wa kuusasisha mchezo wake milele. Ilimbidi autoe upya kwa utambulisho mwingine na kuwaomba wachezaji wahame. Sasa ufunguo wa kupakia ukipotea, huweza kuombwa mwingine. Bei ya usalama huo ni kwamba saini inayotambulika na simu ya mchezaji haimo tena mikononi mwa aliyeutunga mchezo.

Nakala halali isiyotoka dukani

Si kweli kwamba kila kinachohamishwa kwa mkono ni wizi. Mchezo wa bure aliotaka mtengenezaji wake usambae hauporwi kwa kupeanwa. Google yenyewe ilikiri hali ya nchi ambako intaneti ni ghali. Juni 2018 ilieleza kwamba inaongeza ndani ya faili za APK alama ndogo ya kuthibitisha kwamba faili ilitoka Google Play. Simu ikipokea faili kama hiyo kupitia programu ya kuhamishia iliyoidhinishwa, huweza kuihakiki bila intaneti. Siku simu itakapounganishwa, mchezo huingizwa katika maktaba ya mwenye simu na kuanza kupokea masasisho kama wengine.

Kwa nchi kama Uganda huo haukuwa ukarimu mdogo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti lenyewe. Chini ya utaratibu wa kwanza, aliyepakua mchezo bila kugusa Facebook hakuguswa. Chini ya wa pili, kila sasisho lina ushuru ndani yake, hata lile linalorekebisha kosa la mtengenezaji mwenyewe. Mipangilio ya kawaida ya Google Play husubiri Wi-Fi kabla ya kusasisha. Asiye na Wi-Fi nyumbani hukaa na toleo la zamani miezi mingi, hadi siku mchezo unapomwambia kwamba hauwezi kuendelea bila jipya.

Leseni: swali linaloulizwa kila unapofungua

Saini huthibitisha kwamba mchezo haujachezewa. Haithibitishi kwamba aliye nao ameulipia. Kazi hiyo ni ya leseni.

Katika siku za mwanzo za Android, michezo ya kulipia ilifichwa katika folda ya simu ambayo mtumiaji wa kawaida hakuweza kuifungua. Aliyejua kuivunja simu yake aliinakili michezo hiyo bila jasho. Julai 2010 Google ilileta njia nyingine: mchezo wenyewe huuliza, kupitia programu ya duka iliyomo ndani ya simu, kama akaunti hii ilinunua. Seva hujibu, na jibu hutiwa saini ili lisighushiwe njiani.

Hapa ndipo hatima ya mchezaji wa Mahango huamuliwa na mtu asiyemjua. Mtengenezaji ana uchaguzi. Akichagua kanuni legevu, jibu la seva huhifadhiwa kwa muda, na mchezo huendelea kufunguka bila intaneti mpaka muda huo uishe. Akichagua kanuni kali, mchezo huuliza kila unapofunguliwa, na pasipo mawimbi hakuna jibu. Mnunuzi halali husimama nje pamoja na mwizi. Kusema kweli, mara nyingi mwizi hasimami nje, kwa kuwa nakala yake imekwisha kung'olewa swali lenyewe.

Mtihani mkubwa wa jambo hili Uganda iliupata Januari 2021, pale intaneti ilipozimwa nchini kote kuanzia mkesha wa uchaguzi mkuu wa tarehe 14 na kurejeshwa siku kadhaa baadaye. Kwa wenye shida za pesa na habari za jamaa, michezo haikuwa jambo la kwanza. Lakini kwa mfumo wowote unaohitaji kuuliza kabla ya kufunguka, siku hizo zilionyesha kwamba kitu kilicholipiwa kinaweza kuwa mfukoni kikiwa kimefungwa.

Michezo mingi ya bure imeukwepa mjadala huu kwa kuhamisha mali yote kwenye seva. Sarafu, wachezaji walionunuliwa na viwango vya ushindi havimo ndani ya simu kabisa. Vimo katika akaunti. Faili huachwa inakiliwe kadiri watu wapendavyo, maana pasipo akaunti ni ganda tupu.

Waliotunga michezo Uganda

Mazungumzo ya ulinzi dhidi ya kunakili huonekana kuwa ugomvi kati ya mchezaji maskini na kampuni tajiri ya ng'ambo. Picha hiyo haitoshi. Kola Studios ya Kampala iliuchukua mchezo wa karata wa Matatu, unaochezwa vibarazani na kwenye vituo vya pikipiki kote Uganda, ikaufanya mchezo wa simu. Studio kama hiyo haina bajeti ya kuajiri walinzi wa nakala, inategemea duka. Kwa sheria, Uganda inayo Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, inayozitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kufuatilia nakala zinazohamishwa kwa Bluetooth sokoni ni jambo jingine kabisa.

Mfano wa upande wa pili ni Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili kumnunulia kompyuta ya mkononi, na kijana huyo alikuwa akitembea kwa saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Akatunga mchezo wa kuhimiza amani aliouita Salaam, ambao ulipata kujulikana nje ya kambi kupitia Facebook. Desemba 2018 alitunukiwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani, alikoanzisha kampuni yake, Junub Games. Kwa mtu aliye katika hali yake ya mwanzo, kunakiliwa hakukuwa adui. Aliyehitaji kusikika alikuwa na kila sababu ya kutaka faili yake ihame kutoka mkono hadi mkono.

Gharama za mlangoni nazo hutofautiana. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti ya mtengenezaji. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila mchezo tangu 2017.

Kwenye kompyuta

Steam ilizinduliwa na kampuni ya Valve ya Marekani Septemba 2003, na kazi yake ya awali haikuwa kuuza, bali kusambaza masasisho ya michezo kama Counter-Strike, ambayo kila mara yaliwaacha wachezaji wakiwa na matoleo yasiyopatana. Biashara ilifuata. Hadi leo nguvu yake iko katika masasisho: faili za mchezo hugawanywa katika vipande vya takriban megabaiti moja, na mchezaji hupakua vile vilivyobadilika tu. Mchezo mpya hukaguliwa kabla ya kuuzwa, lakini baada ya hapo mtengenezaji hutoa matoleo mapya kwa hiari yake, pasipo kusubiri idhini ya Valve kila mara.

Kuhusu kunakili, Valve hutoa kinga nyepesi na kuwaeleza watengenezaji waziwazi kwamba peke yake haizuii wizi. Mkuu wake, Gabe Newell, alikwisha kusema 2011 kwamba tatizo la nakala za wizi kwa kawaida ni tatizo la huduma kuliko la bei. Anayetaka ukuta mnene hununua Denuvo, kinga kutoka Austria iliyoanza kutumika 2014 katika FIFA 15, na duka humtaka aitaje kinga hiyo kwenye ukurasa wa mchezo. Mchezo wa namna hii huhitaji intaneti walau unapofunguliwa mara ya kwanza kwenye kompyuta. Baadhi ya kampuni huiondoa kinga hiyo kwa sasisho baada ya miezi, mauzo makubwa yakiisha. Duka la GOG, lililoanzishwa 2008 na kundi la CD Projekt la Poland, limechukua msimamo wa kinyume: mchezo hauna kufuli, na mnunuzi huweza kuhifadhi faili yake ya kusakinishia kwenye diski na kuitumia bila kumuuliza yeyote.

Kwa mwenye kibanda cha kompyuta Kasese au Bwera, huenda jambo lenye manufaa zaidi ni dogo kuliko yote haya. Tangu 2023 Steam huruhusu kompyuta moja kuichukulia nyingine mchezo kupitia mtandao wa ndani ya chumba. Mchezo wa gigabaiti 40 hupakuliwa mara moja. Kompyuta za jirani huunakili kutoka hapo kihalali, kila moja ikiwa na akaunti iliyonunua.

Kilichonunuliwa ni nini?

Wapenzi wa soka katika kumbi za PlayStation walipata jibu Septemba 2023. Baada ya EA kuachana na jina la FIFA na kutoa EA Sports FC 24, michezo ya FIFA ya miaka iliyotangulia iliondolewa katika maduka ya kidijitali. Walioinunua kabla waliendelea kuipakua. Wageni hawakuweza tena kuinunua humo. Walionunua The Crew ya Ubisoft hawakuachiwa hata hilo: seva zake zilizimwa mwishoni mwa Machi 2024, na mchezo haukuweza kuchezwa hata na mtu aliye peke yake. Septemba mwaka huo jimbo la California lilipitisha sheria inayoyataka maduka yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam ikaweka maneno hayo kwenye ukurasa wa malipo, na Mganda anayenunua huyaona pia, ingawa sheria haikutungwa kwa ajili yake.

Hatua inayofuata itagusa faili za kuhamishwa moja kwa moja. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitakubali tu programu za watengenezaji waliothibitisha utambulisho wao, hata kama faili haikutoka Google Play. Mpango uliwekwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Baada ya malalamiko, kampuni ilieleza kwamba itaacha njia kwa mtumiaji mzoefu anayekubali kubeba hatari mwenyewe, na akaunti maalumu kwa wanafunzi na wanaojifunza, wanaotaka kuwapa michezo yao watu wachache. Kijana wa Bwera anayetunga mchezo kwa ajili ya wanafunzi wenzake ataangukia katika kundi hilo la mwisho, na idadi ya simu atakazoruhusiwa kuzifikia itakuwa na kikomo.